Kiangazi Kimeingia, Weka Jembe Chini

Huko Ulaya, Desemba ikiingia, mwenye bustani hufunga dirisha, akaketi karibu na moto akingoja theluji iyeyuke. Sisi wa Malindi na Kilifi tuna msimu wetu wa kuingia ndani, ila wetu umekaa kinyume: hauletwi na baridi, huletwa na jua. Vuli ikishakatika na kaskazi ikishika, kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi, mchanga wa Shela na Maweni huchoma nyayo, mchicha husinyaa, biringani hukunja majani, na mbuyu husimama uchi kando ya njia ya Kakuyuni bila haya. Miezi hiyohiyo ndiyo Wataliano huteremka Malindi kukimbia baridi ya kwao. Mtu ameacha bustani imelala chini ya theluji, akaja kujilaza mahali ambapo bustani zimelala chini ya jua. Yeye anajua kupumzika. Wewe hujui, na ndiyo maana mwongozo huu nakuandikia wewe.

Namlenga mkulima wa uani asiyeweza kutulia. Kila mtaa una wake. Saa sita mchana, wakati hata kunguru wameacha kelele wakajibanza mwembeni, yeye yuko nje na ndoo, jasho linamtiririka, anaumwagia mchicha maji huku akiulaumu kwa kutokua. Ndugu yangu, dada yangu, acha. Kwa ndoo moja unafanya mabaya matatu. Maji mengi hupaa kabla hayajafika mizizini. Yanayobaki hulowesha juujuu tu, na mizizi ikazoea kukaa juujuu, huko huko kunakoungua. Na ikiwa maji yako ni ya kisima, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, basi maji yanaondoka na chumvi inabaki, mpaka uone utando mweupe kwenye mdomo wa chungu cha maua. Hapo huna bustani tena, una kiwanda kidogo cha chumvi, na Gongoni tayari wanavyo vikubwa.

Kwa hiyo amri ya kwanza: kaa. Washa feni ikiwa stima ipo. Ikiwa haipo, hamia baraza ya upande wenye kivuli, vua viatu, agiza maji ya dafu. Kumwagilia kutafanywa alfajiri au baada ya alasiri kupoa, mara chache, na kila mara maji ya kushiba.

Najua utaona haya kuketi huku majani yanakauka mbele ya macho yako. Lakini mmea unaopumzika haujafa. Mbuyu ukipukutisha majani haujakata tamaa, unalinda maji uliyoyaweka shinani. Maua ya karatasi yanayofunika kuta za Malindi huchanua zaidi yanapokosa maji. Ukiyanywesha kila jioni utapata majani ya kijani, na maua utayaona kwa jirani mvivu. Waridi la jangwani, kile kimti cha shina nene kinachouzwa kwenye vyungu kando ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi, hutoa maua yake ya waridi kikiwa hakina jani hata moja. Kihurumie kwa maji ya kila siku na shina litaoza. Utomvu wake ni sumu iliyopakwa kwenye mishale ya wawindaji, kwa hiyo chungu hicho kikae mbali na watoto, na mbuzi wako afungwe.

Wazee wa pwani waliyajua haya bila kungoja redio iwaambie. Walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, siku 365 zikagawanywa miongo ya siku kumi kumi, na siku tano zikabaki mwishoni, wakajua mwongo upi wa kupanda, upi wa kusafiri, na upi wa kungoja. Kungoja kulikuwa na nafasi yake katika hesabu, kama kupanda. Na bustani za mji huu si za jana. Msafara wa Vasco da Gama ulipotia nanga hapa Aprili 1498, mwandishi wao alieleza nyumba ndefu zilizopakwa chokaa, minazi upande wa bara, na mashamba ya nafaka na mboga kuuzunguka mji. Walioyalima hawakuwa na bomba wala mpira wa maji, na walivuka viangazi vyote.

Sasa maji, na hapa nitakawia, maana hapa ndipo bustani za kiangazi hufia.

Maji ya bomba ya Malindi na Kilifi hutoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki, na maji hayohayo huenda hadi Mombasa. Mto wenyewe unatoka mbali: ni Athi huko juu upande wa Nairobi, ukishakutana na Tsavo ukawa Galana, ukafika baharini kaskazini mwa Malindi ukiwa Sabaki. Maji yaliyosafiri hivyo si ya kumwagia vumbi la uani ili litulie. Bomba likikauka, bei ya mtungi wa lita 20 hupanda, na kijana wa mkokoteni husimama mlangoni akauliza, “Mama, mitungi mingapi leo?” Hapo ndipo mtu hugundua ni mmea gani anaoupenda kwa dhati na ni upi aliokuwa nao kwa sababu jirani anao.

Fanya hesabu hiyo mapema, ukiwa umekaa. Mnazi mkubwa, mwarobaini, mwembe uliokwisha kuzaa na maua ya karatasi hawakuhitaji. Walikuwapo kabla hujahamia. Mndimu mchanga, mpapai na mpilipili wape ndoo nzima kila baada ya siku kadhaa, polepole, shinani. Mrehani, mnanaa na mchicha wa kwenye gunia ndio watakaokula maji yako ya kila siku, kwa hiyo punguza idadi yao hadi ile utakayoweza kuilipia kwa mkokoteni. Maji ya kisima chenye chumvi mpe mnazi, anayavumilia. Mrehani usimpe.

Kisha weka beseni chini ya karo. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kusuuzia matunda, yote hayo ni maji mazuri ambayo kila nyumba huyatupa kila siku. Miaka hii Ramadhani inaangukia kiangazi, na alasiri moja ya kuandaa futari hutoa suuza ya kutosha kunyweshea vyungu vyote vya baraza. Maji yenye sabuni nyingi yaende kwenye minazi, yasiende kwenye mboga. Mkazie neno hili kila anayeingia jikoni, hata mgeni. Ataona umezidi. Mwache aone.

Kuna na njia ya kale isiyotaka mikono. Chukua mtungi wa udongo usiopakwa rangi, ufukie kati ya miche hadi shingoni, ujaze maji, uufunike kwa kigae ili mbu wasizalie humo. Maji hupenya ukutani mwa mtungi kidogokidogo, na mizizi huyafuata chini. Ukikosa mtungi, chupa ya plastiki iliyotobolewa kifunikoni na kuchomekwa kichwa chini itafanya kazi, ingawa haipendezi. Juu ya udongo panga makumbi ya nazi, ambayo kwetu hayana bei: huzuia jua, hunyonya maji na kuyaachia taratibu. Yasiguse shina, kwa sababu mchwa wa kiangazi wana njaa.

Ukidhani nakaza mno habari ya maji, panda matatu uende Gede. Kuta zipo, misikiti ipo, visima virefu vipo. Mji ule uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, lakini watu wake waliuhama katika karne ya 17, na moja ya sababu zinazotajwa ni maji kushuka visimani. Huo ulikuwa mji mzima wa mawe. Wewe una mpapai mmoja.

Baada ya hapo rudi ndani, na uanze kwa kuyaondoa maua ya plastiki yaliyo juu ya friji. Yamekusanya vumbi tangu arusi ya binti yako. Mkulima anayeweka ua la plastiki nyumbani kwa sababu ya jua anakiri ameshindwa, na bado hajashindwa.

Madirishani mwa Ulaya na Marekani kuna ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo kwa zaidi ya karne limewachangamsha watu wakati nje hakuna kinachoota. Huitwa Saintpaulia. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta Usambara mwaka 1892, likapelekwa kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover akalipa jina la ukoo huo. Basi ndugu yake mmoja ni mwenyeji wa Kilifi. Anaota kwenye miamba ya chokaa ya Mwarakaya, Kacharoroni na Chasimba, kwenye nyufa zenye kivuli na unyevu, na yumo katika hatari kubwa ya kutoweka. Watu wa nchi za baridi wanapita miezi yao migumu wakitazama jamaa ya ua la kwetu, nasi wenyewe wengi hatujawahi kuliona wala kulisikia. Hilo linaniuma.

Usiende kuling'oa mwambani. Nalisema kwa sauti kubwa: usiende. Makazi yake ni machache mno hata mche mmoja ukiondoka ni hasara. Tafuta zile za kuzalishwa kwa wauza miche, au mwombe rafiki jani moja. Jani moja linatosha. Jaza kifuu cha nazi mchanga na mboji kidogo, tia jani kwa kikonyo chake, liweke mahali penye mwanga usiokuwa wa jua kali, lowesha udongo bila kuyamwagia majani, na baada ya wiki kadhaa vijimche vitachomoza chini yake. Toboa kifuu chini, la sivyo kitaoza chote. Ukifaulu, tembelea shule ya mtaani kwako na uwaonyeshe watoto, uwaambie wenyewe wa ua hili ni nani.

Mwenye mkono mzito aanze na Zamioculcas, ule mmea wa majani mazito yanayong'aa unaowekwa kwenye kumbi za benki. Asili yake ni Afrika ya mashariki na kusini, pwani yetu ikiwamo. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa biashara miaka ya 1990, na sasa tunaununua kwa bei ya mgeni. Huweka maji kwenye viazi vyake chini ya udongo. Umwagilie, kisha usahau kwa wiki mbili. Hauuliwi na ukame bali na huruma.

Kuna burudani nyingine ya ndani, na watoto watakushukuru. Ukikuta viwavi kwenye mndimu wako, wengine wakiwa wadogo na wenye mabaka kama kinyesi cha ndege, usikimbilie dawa. Chukua wawili watatu, watie kwenye ndoo iliyofunikwa kwa kipande cha chandarua kikuukuu, uwape majani mabichi ya mndimu kila siku. Watakula, watajifunga, kisha asubuhi moja nyumba itakuwa na vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano. Kazi hii kwetu ni riziki. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo wa pale Gede umekuwa ukinunua pupa kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao huzilea kwenye vizimba vya neti. Pupa hizo husafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mwenye bustani wa London anayelipa kiingilio akaone vipepeo huenda anatazama aliyelelewa na mama wa kijiji cha kando ya Gede. Na msitu hubaki umesimama, kwa sababu bila msitu hakuna kipepeo wa kuzalisha.

Sasa mbegu. Hii ndiyo kazi kubwa ya kiangazi, na hufanywa ukiwa umeketi kabisa, mguu mmoja juu ya mwingine.

Toa kila ulichofungia kwenye leso, bahasha, chupa ya dawa na mfuko wa koti. Andika majina. Kila nyumba ina kikopo cha mbegu ambazo hakuna anayezijua, na kila mwaka hupandwa kwa matumaini, kikaota kitu ambacho hakuna anayekila. Tenga mnavu, mchicha, kunde, mabamia, na mchunga kama unaupenda uchungu wake. Mahindi ya mdzihana yanafaa kuhifadhiwa kwa mbegu, maana huzaa yanayofanana na mama yao. Mahindi chotara kama PH4, yaliyozalishwa na watafiti wa Mtwapa kwa ajili ya pwani, ni mazuri, lakini mbegu zake nunua upya kila msimu; ukipanda punje ulizovuna, mavuno yatashuka, nawe utamlaumu mganga.

Kujua kama mbegu zimekauka, tia chache kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa, acha kwa muda. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mbegu bado zina unyevu. Zianike tena kivulini penye upepo. Chumvi ikiteleza, ziko tayari. Zichanganye na majivu makavu ya kuni, yaliyochekechwa, jaza chupa hadi shingoni pasibaki hewa, kaza kifuniko. Fukusi wa kunde akikosa hewa hufa humo humo. Mahindi ya mbegu wazee waliyaweka kwenye uchaga juu ya jiko, moshi ukayalinda, na njia hiyo ingali inafaa. Ila dumuzi, aliyefika Afrika ya mashariki kutoka Amerika ya Kati na kuenea miaka ya 1980, ana meno makali kuliko fukusi wa zamani, kwa hiyo gunia usilihifadhi bila kulifungua na kulikagua mara kwa mara.

Kabla ya Machi kwisha, jaribu. Mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi, kitambaa kwenye sahani, sahani mahali penye joto, na wapi kwetu hapana joto? Zikiota saba au zaidi, umepona. Zikiota nne, panda kwa wingi. Isipoota hata moja, ni bora ujue sasa ukiwa barazani kuliko Mei ukiwa matopeni.

Mikono ikichoka na mbegu, embe ziko. Kiangazi kinachoua mchicha ndicho kinachoivisha ngowe, na zile mbichi zinazoangushwa na upepo zikatwe vipande, zitiwe chumvi, zianikwe juu ya bati siku mbili tatu, kisha ziingie kwenye achari kwa pilipili, bizari na siki. Kunguru watakuja, funika kwa chandarua kilekile cha viwavi. Na kabla ya magharibi chuma vitumba vya asumini vikiwa bado vimefumba, uvitunge uzi sebuleni, vikachanue kifuani mwa mtu. Bustani nzima ikifa isipokuwa chungu cha asumini na cha mrehani, bado unaweza kufunga kikuba, na mwenye kikuba hana haja ya kumwomba mtu radhi kwa hali ya uani kwake.

Mwisho wa Machi utakuja mtihani. Joto litazidi, upepo utakatika, na alasiri moja wingu litapita likamwaga mvua ya robo saa. Harufu ya udongo itapanda. Mtaa mzima utatoka na majembe. Wewe kaa. Mwenye ekari za mahindi Magarini au Ganze ana hesabu yake, na wengi hupanda ardhi ikiwa bado kavu. Lakini mwenye kopo moja la mbegu hawezi kucheza na mvua ya kupita. Mvua hiyo huziamsha mbegu kisha ikazitelekeza. Chimba kwa mkono: udongo ukiwa umelowa hadi kifundo, mvua imerudi mara ya pili na ya tatu, na upepo umegeuka kuwa kusi, inuka upande, kunde kwanza.

Jirani aliyewahi akaunguza mbegu zake atakuja ukutani, atazame, asiseme kitu. Usimwulize. Mpelekee chupa moja ya kunde zako zilizokaa kwenye majivu, na kikopo cha achari, umwambie, “Somo, shika, kesho asubuhi nakuja tupande wote.” Na uende kweli, na jembe lako, kabla jua halijapanda.